Uzi mwekundu wa kinubi: jinsi ya kuisoma picha ya rangi za maji ya enzi ya Victoria

Mabinti wawili, mmoja ameegemeza kinubi begani, mwenzake ameketi kwenye piano akigeuza shingo kumtazama. Magauni ya rangi ya maziwa, nyuso zilizopauka, pazia la hudhurungi nyepesi nyuma yao. Picha za namna hii zilichorwa kwa wingi Uingereza kati ya 1837 na 1901, miaka ya utawala wa Malkia Victoria, na watu huzisifu kwa upole wa rangi zake. Kazi yangu ni kuhifadhi michoro ya karatasi, na nataka kueleza kwa nini upole huo, mara nyingi mno, ni hasara wala si mtindo. Mchoraji alipaka wekundu uliokolea. Mwanga ukaula.

Ushahidi wa kwanza ninaoutafuta uko kwenye kinubi. Nyuzi zake hazifanani rangi: kila uzi wa nota C ni mwekundu na kila uzi wa F ni wa buluu au mweusi, ili mpigaji asipotee. Ukianzia C kwenda F unakuta nyuzi mbili katikati. Kutoka F hadi C inayofuata unakuta tatu. Mpangilio huo hurudiarudia kwenye ala nzima. Mchoraji aliyekaa mbele ya kinubi cha kweli aliuona, na wale makini waliuchora. Basi chukua lenzi inayokuza mara 10, hesabu. Kama nyuzi za F zipo na zinafuatana sawasawa kila wa saba, ila za C ni mistari mitupu ya kijivu, usimlaumu mchoraji kwamba alisahau. Aliupaka wekundu, nao umechuja. Kipimo hiki kina mpaka wake: wachoraji wengi walitosheka na mistari kumi na tano au ishirini ya kuashiria tu, na hapo hesabu haikufundishi kitu.

Kwa nini wekundu ndio unaotangulia kuondoka? Kwa sababu sehemu kubwa ya wekundu mzuri wa enzi ile ilitoka kwa viumbe hai. Karmini ilitolewa kwa wadudu wa kochinili, na wekundu wa waridi ulitolewa kwenye mizizi ya mmea uitwao mada. Karmini ni dhaifu sana. Mada inavumilia zaidi, ila nayo ikipakwa nyembamba huchoka. Nili, buluu ya majani, nayo ni ya kuondoka, na manjano ya gamboji iliyotokana na utomvu wa mti vilevile. Kwa upande mwingine, rangi za udongo kama nyekundu ya udongo uliochomwa, hudhurungi na manjano ya udongo hukaa karne nzima bila kutikisika. Buluu ya kobalti hukaa pia. Kwa hiyo picha haififii kwa usawa kama nguo iliyoanikwa juani. Inapoteza rangi moja na kubakiza nyingine, na mizani yote inapinda.

Jambo hili si ugunduzi wa juzi. Mwaka 1886 London ilikuwa na mabishano makali magazetini kama rangi za maji zinafifia au hazififii, na serikali ikawapa kazi ya kulipima jambo hilo wanasayansi wawili, Dakta Russell na Kapteni Abney. Walipaka rangi kwenye vipande vya karatasi, wakavitia ndani ya mirija ya kioo, wakaviweka kwenye mwanga: vingine katika hewa ya kawaida, vingine katika hewa yenye unyevu, vingine katika mirija iliyoondolewa hewa. Ripoti yao ilitoka 1888. Kwenye hewa yenye unyevu uharibifu ulikuwa mkubwa. Pasipo hewa, rangi nyingi hazikubadilika karibu kabisa. Mwanga pekee hautoshi, unahitaji oksijeni na unyevu wa kushirikiana nao. Mtu anayeishi Tanga au Lamu aisome sentensi hiyo mara mbili.

Kuifungua fremu

Usiihukumu picha kupitia kioo. Ilaze kifudifudi juu ya taulo safi, ng'oa misumari midogo ya nyuma kwa koleo ukiivuta sambamba na ubao, usiikandamize kuelekea kioo. Kabla ya kutupa chochote, piga picha mgongo wote: vibandiko, namba za maonyesho, muhuri wa duka la vifaa vya uchoraji. Anwani 38 Rathbone Place, kwa mfano, ni ya Winsor & Newton. Ubao wa nyuma wa msonobari uliokaa bila kutenganishwa na karatasi huacha mistari ya kahawia na miduara ilipokuwa macho ya mbao.

Ukifika kwenye ile kadibodi yenye dirisha inayoizunguka picha, inua taratibu. Ukingo uliofichwa chini yake, pengine upana wa nusu sentimita tu, haukupigwa mwanga tangu picha ilipowekwa kwenye fremu ile. Hapo ndipo pazia la hudhurungi linapogeuka kuwa jekundu la damu ya mzee. Huhitaji maabara kuelewa kilichotokea. Bahati mbaya ni kwamba ukingo hubeba pazia, zulia na upindo wa gauni, lakini nyuso ziko katikati, na hazina shahidi wao. Inabidi kukisia kutokana na jinsi nyuso zilivyochorwa, na hapa nitakaa kidogo.

Karatasi ya picha ya mtu ilikuwa laini, iliyopitishwa kwenye mashine ya kukandamiza yenye joto, kwa kuwa karatasi yenye vinyweleo humeza nukta ndogo. Ililowanishwa, ikabandikwa kingo kwenye ubao, ikakauka na kukaza kama ngozi ya ngoma. Mchoro ulianza kwa penseli nyepesi. Juu ya uso mchoraji alipaka maji yenye rangi hafifu sana, nyekundu ya udongo na manjano kidogo, akiuacha weupe wa karatasi kwenye paji, ncha ya pua na kidevu. Ilipokauka, vivuli vilijengwa kwa kobalti iliyochanganywa na nyekundu ya udongo, ambayo hutoa kijivu kinachoelea buluu: chini ya taya, pembeni mwa jicho, kwenye makutano ya shingo. Kisha zikaja nukta na mistari mifupi kwa brashi yenye ncha ya sindano, mamia kwa mamia, namna waliyoirithi kwa wachoraji wa picha ndogo za pembe ya ndovu. Uhai wa mashavu, midomo, masikio na ncha za vidole uliletwa mwisho, kwa karmini au mada.

Sasa ondoa karmini. Kinachobaki ni udongo na kobalti, yaani kijivu cha buluu juu ya manjano hafifu. Ndiyo maana mabinti wa picha hizi huonekana kama wameamka na homa. Nimesoma maelezo ya picha yakisema mchoraji alikusudia huzuni, au kwamba msichana alikuwa na kifua kikuu. Inawezekana, lakini kabla ya kusema hivyo tazama ncha za vidole zilizo juu ya nyuzi. Kama nazo hazina wekundu wowote, na pazia lina wekundu chini ya kadibodi, tatizo si afya ya binti.

Weupe unaodanganya

Rangi ya maji ya kale ilitegemea karatasi kuwa nyeupe; mwanga wa hariri ni mahali ambapo brashi haikupita. Lakini lesi ya kola, lulu, na mng'ao wa shaba kwenye kinubi vilihitaji weupe mzito wa kuwekwa juu. Weupe wa risasi uliokuwapo una ugonjwa wake: hewa yenye salfa, na London ilikuwa na makaa ya mawe na gesi ya taa kila pembe, huugeuza mweusi. Lesi inakuwa kama imemwagiwa masizi. Mwaka 1834 Winsor & Newton walianza kuuza Weupe wa Kichina, ambao ni oksidi ya zinki na wala hautoki Uchina. Huo haugeuki mweusi. Kwa hiyo wachoraji wa enzi ya Victoria waliutumia kwa uhuru ambao waliowatangulia hawakuwa nao, na William Henry Hunt aliufikisha mbali zaidi kwa kutandaza zinki nene kwanza, ikauke, kisha kupaka rangi safi juu yake.

Kutofautisha weupe huu, zima taa, funga mapazia, na washa taa ya miale ya urujuanimno ya nanomita 365 huku umevaa miwani ya kinga. Zinki hung'aa manjano yenye kijani. Risasi haing'ai namna hiyo. Mada hung'aa rangi ya chungwa inayoelea waridi, hata pale jicho linapoona karibu hakuna kitu, na hapo unaweza kuona mashavu yakirudi kwa dakika moja. Karmini haikupi zawadi hiyo. Usikae na taa hiyo zaidi ya unavyohitaji, maana miale yenyewe inaharibu.

Kisha washa taa ya kawaida na uilaze pembeni, mwanga upite karibu sambamba na karatasi. Utaona mahali mchoraji alipokwaruza kwa kisu kupata mng'ao mkali kwenye hariri: nyuzi za karatasi zimeinuka. Utaona pia sehemu nyeusi zinazometa, labda nywele au mbao za piano, ambapo gundi ya Kiarabu iliongezwa ili giza liwe na kina. Gundi hiyo, utomvu wa miti ya jamii ya mgunga iliyosafirishwa zaidi kutoka Sudan, ndiyo hushika kila rangi ya maji. Ikizidishwa, hupasuka kama tope la mto uliokauka.

Tarehe imo kwenye mikono ya gauni

Mavazi husema haraka kuliko sahihi. Mikono ya kubana na kiuno chenye ncha mbele, nywele zilizogawanywa katikati na kufunika masikio: miaka ya 1840. Mikono inayofunguka kama kengele na marinda ya tabaka: miaka ya 1850, na baada ya 1856 sketi inakuwa kuba kamili kwa sababu ya krinolini, yaani tundu la waya linalovaliwa chini yake. Miaka ya 1870 na 1880 uzito wote unahamia nyuma ya kiuno. Mabega yaliyofura kama maputo ni ya katikati ya miaka ya 1890. Ila gauni hukupa mwaka wa mapema tu, kwani lilivaliwa hata mtindo ulipopita.

Ala husaidia. Kinubi kirefu chenye malaika na matao ya Kigothi kwenye nguzo ni mtindo wa watengenezaji wa vinubi Érard, wa kuanzia miaka ya 1830. Konsatina ya Kiingereza, kisanduku kidogo cha pembe sita, ilitoka kwenye karakana ya Charles Wheatstone na ilipendwa vyumbani mwa matajiri katikati ya karne. Piano ya mraba inayofanana na meza ndefu inaelekea nusu ya kwanza ya enzi hiyo. Broadwood, watengenezaji wa piano wa London, waliacha kuitengeneza 1866. Fidla mkononi mwa binti wa familia yenye heshima ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya baada ya 1870, maana kabla ya hapo ilionekana si ala ya kike, na mwanamke mpiga fidla Wilma Neruda, aliyepiga London kuanzia 1869, ndiye aliyewabadilisha wengi mawazo.

Tazama pia kinubi kimeegemea bega gani. Mpigaji hukiegemeza bega la kulia na mkono wa kulia hupiga nyuzi fupi. Kikiwa bega la kushoto, shuku kwamba mchoraji alinakili dagerotaipi, ile fotografia ya awali ya bamba lililopakwa fedha, ambayo kwa kawaida hugeuza kulia kuwa kushoto. Na vibao vyeusi vya piano lazima viende viwili, vitatu, viwili, vitatu. Wachoraji hukosea hapa ajabu, na kosa hilo linamaanisha tu kwamba vibao vilijazwa baadaye studioni, piano ikiwa haipo.

Vibao vyeupe navyo vinatugusa sisi moja kwa moja. Vilifunikwa kwa pembe ya ndovu, vipande viwili kwa kila kibao, na mchoraji makini huonyesha mstari mwembamba wa kiungo mbele ya vibao vyeusi. Unguja ilikuwa soko kuu la pembe katika Afrika Mashariki karne ya 19, na pembe laini ya huku ilitafutwa sana na watengenezaji wa vibao. Ilifika pwani mabegani mwa watu, na kwa njia ambazo watu nao waliuzwa. Hakuna kitu cha hayo kwenye uso wa picha. Hata hivyo ni sehemu ya maelezo yake ya kweli, sawa na jina la mchoraji.

Kitabu cha muziki kikiwa wazi, kisome. Nota zikisomeka, wimbo hupatikana. Ukikuta herufi d, r, m, f zenye nukta pacha katikati, ni ule ule mfumo ambao kwaya zetu huimbia hadi leo, uliosambazwa Uingereza na John Curwen kuanzia miaka ya 1840. Lakini huo ulikuwa wa madarasa na makanisa zaidi; sebuleni tarajia mistari mitano.

Mwisho inua karatasi dhidi ya dirisha. Alama ya maji, yaani chapa ya kiwanda iliyomo ndani ya karatasi yenyewe, ikiwa ni ya J WHATMAN mara nyingi huja na mwaka, na picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo.

Onyo moja: kuanzia miaka ya 1850 studio nyingi zilipaka rangi za maji juu ya fotografia hafifu na kuuza kama mchoro. Kwa lenzi, tafuta vitu ambavyo hakuna mkono ungejali kuchora, mkunjo wa kila kidole, uzi uliolegea kwenye kola, chini ya rangi isiyovifuata. Na picha ya kuchapwa kwa mawe hujitoa kwa nukta za rangi zilizopandana na kutokuwepo kwa penseli.

Kuitunza

Makumbusho huweka mwanga wa picha kama hii kwenye luksi 50 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Ukiionyesha saa 8 kwa siku kwa siku 90, inapokea jumla ya luksi-saa 36,000, kisha hupumzishwa gizani. Ukutani sebuleni karibu na dirisha, penye luksi 1,000 kwa saa 10, kiasi hicho kinafika kabla siku ya nne haijaisha. Kioo cha kuzuia urujuanimno husaidia, lakini mwanga unaoonekana nao unapausha, kwa hiyo kioo si ruhusa ya kuiweka dirishani.

Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55 kama unaweza. Ukizidi 65 kwa muda mrefu kuvu huanza, na gundi ya rangi hulainika. Hapo picha inayogusa kioo hushika. Acha angalau milimita 4 kati yake na kioo, na kama tayari imeshika, usiivute; mpe mhifadhi pamoja na kioo chake. Itundike ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua, na bandika vipande vya koki nyuma ya fremu ili hewa ipite.

Kadibodi ya zamani ya massa ya mbao ina tindikali, na huchoma mstari wa kahawia kufuata ukingo wa dirisha. Ibadilishe kwa kadibodi ya pamba. Picha itundikwe kwa bawaba mbili za karatasi nyembamba ya Kijapani kwenye ukingo wa juu pekee, kwa uji wa wanga wa ngano: sehemu moja ya wanga kwa tano za maji, upikwe moto mdogo dakika 30 ukikoroga, uchujwe. Ukibandika pande zote nne, karatasi ikivuta unyevu itafura katikati na ikikauka itapasuka. Mkanda wa plastiki wa kunata usiusogeze karibu. Gundi yake hupenya nyuzi, hugeuka kahawia, na haitoki bila dawa ambazo hutoa rangi pia. Mkate wa kusugulia uchafu huacha mafuta na chakula cha kuvu. Maji usifikirie kabisa: rangi hizi ziliwekwa kwa maji na kwa maji zitaondoka. Weupe wa risasi uliogeuka mweusi unaweza kurudishwa kwa peroksidi ya haidrojeni, nukta kwa nukta, lakini hiyo ni kazi ya mhifadhi aliyesomea, kwa sababu tone likivuka lesi litapausha kila kilicho jirani.

Fundi wa fremu akikuambia ukingo wa karatasi haujakaa sawa na apunguze sentimita moja, kataa. Akipendekeza dirisha jipya liwe kubwa ili ule wekundu mzuri uonekane, kataa pia. Mwambie alikate sawa na la zamani au dogo zaidi kwa milimita mbili, ule ukanda wa pazia jekundu urudi gizani ulikokuwa.